Usaili wa mjiolojia: usikariri orodha ya madini

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama ukariri madini yote kabla ya mtihani wa mjiolojia serikalini. Usijichoshe. Kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, talki 1 hadi almasi 10, kijue kwa moyo basi. Maswali ya ngazi ya juu huuliza "kwa nini".

Ningekuwa wewe ningeanza na maji ya chini ya ardhi, maana visiwani kwetu ndiyo kazi yenyewe. Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ya msongamano, yaani uzito wa ujazo uleule: maji matamu 1.000, ya bahari 1.025 (gramu kwa sentimita moja ya ujazo). Gawanya 1 kwa tofauti hiyo, 0.025, unapata 40. Yaani kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Pampu ikiyashusha kwa nusu mita tu, chumvi inaweza kupanda mita 20! Hesabu hiyo ifanye mpaka mkono uzoee.

Kisha chora mkato wa visiwa vyetu, yaani picha ya ardhi na bahari ikitazamwa kwa ubavuni. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi, wa Pemba ni mita mamia. Bahari iliposhuka zaidi ya mita 100 enzi ya barafu, takriban miaka 20,000 iliyopita, Unguja iliungana na bara, nyinyi wa Pemba mkabaki kisiwani. (Msijivune sana.)

Miamba ishike mkononi. Saga kipande cha jiwe la maweni, yaani chokaa ya matumbawe, tia siki, litoe povu, halafu andika mlinganyo wake wa kikemia. Mchanga mweupe wa kwatzi hautatoa kitu.