Cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano hakihitaji safari ya wilayani

Wapo wanaouliza kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto mdogo kinahitaji simu janja na safari ya wilayani. Hapana, mzazi wa kijijini halazimiki kuwa na simu janja wala kufika makao makuu ya wilaya ili mtoto wake wa chini ya miaka mitano apate cheti cha kuzaliwa. Katika mpango wa RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, usajili hufanyika bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata, na simu inayotumika ni ya msajili. Nimeshuhudia kwenye zahanati moja: muuguzi alijaza cheti kwa mkono akitazama kadi ya kliniki, akamkabidhi mama palepale, kisha akatuma taarifa kwa simu hadi kanzidata ya makao makuu ya RITA, huku mtoto angali amelala mgongoni.

Cheti hicho kilichoandikwa kwa mkono ni halali kabisa, na inaniuma kusikia watu wakikidharau, kwa sababu kabla ya hapo familia nyingi ziliishia na tangazo la kizazi tu, yaani karatasi ya kutaarifu kuzaliwa ambayo si cheti, nauli ya kufuata cheti wilayani ikiwa imewashinda. Sensa ya 2012 ilikuta takriban asilimia 13 tu ya watoto wa umri huo wakiwa na vyeti.

Utaratibu huu ni wa Tanzania Bara, na aliyevuka miaka mitano hufuata njia ya kawaida yenye ada. Mzazi akague tahajia ya majina kabla ya kuondoka dirishani.