Risasi za Bei Nafuu au za Mashindano?

SWALI: Mhariri, nimeanza kulenga shabaha kwa burudani, nikitumia bunduki ya .22 (yaani kipenyo cha mtutu ni takriban inchi 0.22) kwa umbali wa mita 50. Mwenzangu uwanjani anadai kuwa risasi za bei nafuu zinanichelewesha, na kwamba ninunue za mashindano. Je, ana haki?

JIBU: Ana haki nusu. Anayenunua risasi ghali za .22 hapati nguvu zaidi, anapata ulinganifu: kila ganda lina baruti ya kiasi kilekile, na dawa ya kuwashia, ambayo katika risasi za aina hii hukaa ndani ya ukingo wa ganda, imeenea sawasawa. Tuchukue risasi mbili, moja ikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 320 kwa sekunde na nyingine kwa mita 310. Zikifika mita 50, ile ya pili itakuwa imeshuka chini ya mwenzake kwa takriban milimita 8, ilhali duara la alama 10 katika mashindano ya bunduki ya umbali huo lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Kwa hiyo, ukipiga ukiwa umeegemeza bunduki vizuri na matundu yakajipanga wima, kuna sababu ya kuzishuku risasi.

Kwa anayeanza, hata hivyo, kosa kubwa huwa kwenye pumzi na kidole, na kifyatulio kilichovutwa kwa pupa huipotosha risasi ya bei yoyote. Jizoezeni kwa zile za nafuu, ila mziepuke zilizoandikwa kuwa ni za kasi kubwa, kwa sababu nyingi huondoka zikiipita kasi ya sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde, kisha huyumba zinaporudi chini ya kasi hiyo kabla ya kufika.

Kabla ya kutumia fedha nyingi, nunua pakiti moja moja ya aina tatu au nne, kwani mitutu hutofautiana, na wakati mwingine mtutu huikataa risasi ghali kuliko zote. Kila unapobadilisha aina, piga kwanza risasi kadhaa pembeni, mpaka mtutu uizoee nta au grisi ya risasi hizo, ndipo upige makundi ya risasi kumi kumi na kupima jinsi matundu ya kila kundi yalivyotawanyika.

Risasi ikigoma kulia, jambo linalotokea zaidi kwa zile za nafuu, usifungue bunduki papo hapo. Ielekeze kwenye shabaha kwa sekunde 30 kwanza, kwa kuwa huenda ikalipuka kwa kuchelewa.