Fundi wa Programu Anajibu: Maandishi Yangu Yakae Wapi?

SWALI: Fundi, hujambo. Mimi ni mfugaji wa nyuki. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika habari za mizinga yangu kwenye mtandao wa kijamii. Juzi akaunti ilifungiwa bila maelezo, baadaye ikafunguliwa, pia bila maelezo. Tangu hapo sina raha. Mpwa wangu anasema nianzishe tovuti yangu, nami sijui kuandika programu hata mstari mmoja. Nimsikilize? — *Mama Mizinga*

JIBU: Msikilize, Mama, lakini kabla ya tovuti, leo hii shusha nakala ya kila ulichoandika. Mitandao mingi mikubwa ina sehemu ya kupakua data zako, imejificha ndani kabisa ya mipangilio. Ukilipata faili, lifungue uone kama picha zimo. Wewe huko ni mpangaji, na mwenye nyumba akibadili kufuli halazimiki kubisha hodi.

Wala si vitisho vya mafundi. GeoCities, huduma ya kujengea kurasa binafsi mtandaoni, ilianza mwaka 1994, mamilioni ya watu wakajenga kurasa zao humo. Yahoo waliinunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 wakaifunga. Kilichopona kilipona kwa sababu watu wa kujitolea na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayohifadhi nakala za tovuti, walikimbilia kunakili. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, nao walitangaza kwamba, katika kuhamisha seva (kompyuta zinazohifadhi mafaili), nyimbo, picha na video zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena.

Sasa tovuti. Kitu cha kushikilia ni jina la kikoa, yaani ile anwani watu wanayoiandika kwenye kivinjari. Hulipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja, na ukisahau kulipa, mtu mwingine anaweza kulichukua. Kwa hiyo lisajili kwa jina lako na kwa barua pepe unayoifungua kila siku. Usikubali aliyekutengenezea tovuti alisajili kwa jina lake, hata awe mpwa. Nimeona watu wazima wakimbembeleza kijana aliyehama kazi awape nenosiri la anwani yao wenyewe! Jina likiwa lako, seva ikikukera unabeba mafaili, unayapeleka kwingine, unalielekeza jina huko. Wasomaji hawatajua kama umehama.

Kuandika programu hakuhitajiki. Ukurasa wa HTML, yaani lugha ya alama za kupangia kurasa za wavuti, ni maandishi matupu: unaandika herufi p ndani ya mabano ya pembe, unaeleza habari za malkia wako, kisha unafunga aya kwa alama ileile yenye mkwaju. Unahifadhi, unalibofya faili mara mbili, ukurasa huo hapo. Kurasa za kwanza alizoandika Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, bado zinafunguka kwenye vivinjari vya leo. Mimi kazini nalipwa kuandika programu zenye maktaba (mafungu ya programu zilizoandikwa na wengine) juu ya maktaba; ukiuacha mradi wa namna hiyo miaka miwili, kuuamsha ni shughuli pevu. Ukurasa mtupu haudai matunzo hayo.

Mtandao wa kijamii usiuhame. Andika kwako kwanza, kisha peleka kiungo huko.

SWALI: Tovuti binafsi siku hizi nani anazisoma? — *Mwenye Shaka*

JIBU: Wachache, sikudanganyi. Ila wanaokuja wamekusudia kuja. Wawekee mkondo wa RSS, yaani faili la orodha ya maandishi yako mapya ambalo programu ya msomaji hulisoma yenyewe, wajue ukiandika jipya bila mtambo wa kampuni yoyote kuamua nani aone. Google walipoifunga Reader, programu yao ya kusomea mikondo hiyo, Julai 2013, watu waliizika na RSS yenyewe, ilhali podikasti unazosikiliza nyingi zinasambazwa kwa njia hiyohiyo hadi leo. Mimi kwangu sijaweka hata kihesabu cha wageni. Najijua: ningekuwa nakichungulia badala ya kuandika.

SWALI: Kutwa uko mbele ya skrini kazini, jioni tena uko mbele ya skrini na hiyo tovuti yako. Mkeo anasemaje? — *Jirani Mwema*

JIBU: Anasema mengi, na mengine gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kazini, Jirani, nikitaka kusogeza kitufe kidogo kushoto, badiliko linakaguliwa na wenzangu wawili, majaribio yanapita, halafu tunaitana kikao. Kwangu naamua kichwa cha habari kiwe kijani, kinakuwa kijani. Wiki ijayo kikinichosha nakibadilisha, na hakuna wa kuniuliza. Hiyo kwangu ni mapumziko, ingawa najua kwa mtazamaji kazi na mapumziko vinafanana.

Ila ikifika saa tatu usiku kompyuta inafungwa na simu inabaki sebuleni. Sheria hiyo ni yake, na rufaa yangu ilishatupwa.