Re: Ufilipino kuna shindano la bendi ambazo hazijasainiwa?

Mkuu umeuliza kama Wafilipino wana shindano la bendi za rock zisizo na lebo au ni zile za kuimba kwenye TV tu. Lipo, tena la siku nyingi, linaitwa Muziklaban, lilianza 1999 na mdhamini ni bia ya Red Horse, ile yenye kichwa cha farasi mwekundu kwenye chupa. "Laban" kwa Kitagalog ni pambano, kwahiyo hapo jina limeshakueleza kila kitu.

Wanachuja mikoani kwanza, maana nchi yenyewe ni visiwa tupu, Luzon, Visayas, Mindanao, sasa kama kila kijana angetakiwa abebe gitaa lake na ampu apande meli mpaka Manila kufanyiwa usaili si wangebaki watoto wa mjini peke yao, ndo maana unakuta bendi za mbali huko nazo zinatoboa.

Kati ya waliowahi kushinda kuna bendi ya Mayonnaise (ndio, kama ile ya kwenye chipsi, hata mimi nilicheka). Walianza 2002, wakabeba ubingwa 2004, na mpaka leo wapo wanapiga shoo.

Kitu kimoja sikipendi ni hiyo bia kuwa ndo mlezi wa muziki wa vijana, ila sasa rock nani mwingine angeidhamini bana, huku kwetu kwenyewe bila bia na mitandao ya simu tamasha halifanyiki.

Ingia YouTube uandike hilo jina, anza na fainali.