Maswali ya Wasomaji: Mizani Inayokataa Kurudi Sifuri

SWALI: Ndugu mhariri, nimeachiwa na marehemu mjomba wangu mizani ya mkono (ile yenye ufito unaobembea juu ya mhimili) aliyokuwa akipimia baruti alipojaza risasi upya. Naisawazisha hadi mshale usimame kwenye sifuri, lakini nikiinua kisahani na kukirudisha, mshale husimama mara juu kidogo ya alama, mara chini yake, na tofauti hufika greni 0.2 (greni ni kipimo cha uzito, kama miligramu 65). Rafiki yangu ananishauri ninoe makali ya mhimili kwa jiwe. Ninoe?

JIBU: Usinoe, angalau si sasa. Mshale unaobadili kituo ilhali mzigo ni uleule unaashiria msuguano, na katika mizani ya namna hii msuguano husababishwa na uchafu mara nyingi zaidi kuliko makali butu. Mkono wa mizani yako umebebwa na makali mawili ya chuma kigumu, kila upande moja, yanayokaa ndani ya mfereji mdogo uliochongwa kwenye kipande cha jiwe la akiki. Hapo ndipo uzito wote unapoegemea, na eneo lenyewe ni jembamba kiasi kwamba punje ya vumbi usiyoiona kwa macho hutosha kuuzuia mkono usifike pale unapotaka kwenda.

Inua mkono wima bila kuuburura juu ya akiki, kisha ufute makali na mifereji kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti, uache vikauke vyenyewe. Usipake mafuta ya aina yoyote. Najua mkono wa fundi huwashwa kupaka mafuta kila panapogusana chuma, lakini hapa mafuta hunasa vumbi, na baada ya wiki chache utakuwa na gundi mahali palipotakiwa kuwa pakavu. Ukimaliza, yatazame makali kwa lenzi ya kukuzia huku ukiyageuzageuza chini ya taa. Makali mazima hayarudishi mwanga, bali huonekana kama mstari mweusi. Ukiona vidoa vinavyometameta kwenye mstari huo, hapo pamebonyea au pameliwa na kutu, na ni hapo tu ambapo shauri la rafiki yako linaanza kuwa na maana. Hata hivyo, kazi hiyo ni ya fundi mwenye mkono mtulivu, kwa kuwa makali yote mawili lazima yabaki katika mstari mmoja ulionyooka, na ukiupindisha mstari huo kwa jiwe utakuwa umeiharibu mizani ambayo pengine ilihitaji kuoshwa tu.

Chunguza pia kama vipande vya akiki vinacheza kidogo ndani ya makao yake. Katika mizani nyingi vimeachwa vilegee makusudi ili vijipange vyenyewe sambamba na makali, na vikishikwa na uchafu wa miaka, makali hugusa upande mmoja tu wa mfereji. Mwisho, angalia kati ya sumaku mahali linapopita bati la shaba lililo kwenye ncha ya mkono. Chembe za chuma hupenda kujificha pale na kulikwaruza bati. Zitoe kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi.

Sasa ijaribu. Iweke mizani juu ya meza isiyotikisika, mbali na feni na dirisha, uisawazishe, kisha inua na kurudisha kisahani mara 10, ukiandika kila safari mahali mshale uliposimama. Jicho lako liwe usawa wa alama, kwani ukitazama kutoka juu utasoma kitu kingine kabisa. Mshale ukirudi palepale mara zote 10, msuguano umekwisha.

Kuna jaribio jingine nilipendalo kwa sababu halihitaji kununua chochote. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ukate mraba wa milimita 9 kwa 9. Kipande hicho kina uzito wa takribani miligramu 6.5, yaani greni 0.1. Kikate tena vipande vinne vilivyo sawa, uweke kimoja kwenye kisahani: mizani iliyo katika hali nzuri itausogeza mshale kiasi cha kuonekana. Ukilazimika kuweka vyote vinne ndipo mshale uamke, bado hujamaliza kusafisha. Karatasi hunyonya unyevu, kwa hiyo itumie kupima wepesi wa mkono tu. Usiifanye kuwa jiwe la mizani.

SWALI: Je, hizo sumaku hazipunguzi usahihi? Nafikiria kuziondoa.

JIBU: Ziache. Bati la shaba likipita kati ya sumaku huzalisha mikondo midogo ya umeme inayopinga mwendo, na mwendo ukikoma upinzani nao hukoma, kwa hiyo mshale ukishatulia sumaku hazina la kusema. Ukiziondoa utapata usomaji uleule, ila utasubiri mkono ubembee kwa muda mrefu kabla ya kutulia.

SWALI: Nina kibali cha silaha na ninataka kuanza kujaza risasi mwenyewe. Ninunue mizani ya mkono au ya kielektroniki? Na ya mkono iliyokwisha kutumika inafaa?

JIBU: Ya kielektroniki ina haraka, lakini sifuri yake huhama kadiri inavyopata joto, na baadhi huyumba zikiwa karibu na simu. Ya mkono hulinganisha uzito na uzito, haina betri, na ikikosea kwa kawaida hukosea kwa sababu unayoweza kuiona. Kwa anayeanza ningechagua ya mkono, ingawa nakiri kwamba subira inahitajika.

Iliyotumika inafaa, mara nyingine kuliko mpya. Usivutwe na ukubwa wa uwezo wake. Mizani ya mkono ya chapa ya RCBS, modeli 5-0-5, hubeba hadi greni 511 na modeli 10-10 hufika greni 1,010, na zote mbili zilitengenezwa kwa miaka mingi na kampuni ya mizani ya Ohaus; lakini kiasi cha baruti kwa risasi moja ya bunduki kwa kawaida hakifiki hata greni 100. Kinachostahili macho yako ni vijino vya mkono ambamo vitelezi, yaani vizito vidogo vinavyosogezwa kando ya mkono, hukaa: vikiwa vimelika, kitelezi hakiketi mahali pamoja. Hakikisha pia kwamba kisahani ni cha mizani hiyohiyo. Kisahani cha kuazima hutofautiana uzito, na huenda skrubu ya kusawazishia ikashindwa kuifidia tofauti hiyo.

SWALI: Jiwe langu la gramu 1 linasoma greni 15.6 badala ya 15.4, ingawa sifuri iko sawa. Nimlaumu nani?

JIBU: Gramu 1 ni greni 15.432, kwa hiyo ulitakiwa kusoma 15.4. Jiwe lenyewe, hata likiwa la daraja la M1 (daraja la usahihi wa mawe ya mizani), linaruhusiwa kukosea miligramu 1 tu, ambayo ni kama greni 0.015, kwa hiyo kama halijapata kutu wala kuchubuka, halina hatia. Ongeza mawe ya gramu 2 na gramu 5, ambayo yanapaswa kusoma 30.9 na 77.2. Kosa likikua pamoja na mzigo, hadi kukaribia greni 1 kwenye gramu 5, basi huenda kitelezi kikubwa si cha mizani hiyo, au kimeongezewa au kupunguziwa uzito. Kosa likijitokeza kwenye jino moja tu na kupotea kwenye mengine, jino hilo lina uchafu au limelika. Lipigie mswaki mkavu kabla ya kufikiria jambo jingine, na usiliguse kwa tupa. Likibaki lilelile kwa kila mzigo, rudi kwenye sifuri uitazame upya kwa jicho lililo usawa wa alama.

Kabla hujapata jibu, usipime kwa mizani hiyo kiasi chochote cha baruti kinachokaribia kikomo cha juu kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti. Na kila unapoanza kazi, soma kwa sauti namba ya kitelezi kikubwa: kikiruka jino moja unakuwa umekosea greni 5 au 10 nzima, kosa ambalo mshale ulionyooka kwenye alama hautakuonyesha.