Mechi ya mazoezi itazame, lakini kadi ya benki iache nyumbani

Kadi ya benki iache nyumbani Jumamosi hiyo ya mechi ya mazoezi. Umeuliza mambo manne: utafikaje uwanjani, watoto wabebewe nini, mchezo wenyewe, huu mpira wa miguu wa Kiaustralia, unafuatwaje na mtu aliyekulia soka la Kirumba, na kama ni busara kulipia uanachama wa klabu kwa familia nzima pale pale kwenye meza yao iwapo timu ya mtaani kwenu itacheza vizuri, kwa kuwa umeambiwa siku hiyo kuna punguzo na kofia za bure. Swali hilo la mwisho nimelisoma mara mbili, nikaiacha chai ipoe nikakaa kuandika, kwa sababu hayo uliyoyaandika ndiyo niliyoyasema mimi Februari yangu ya kwanza hapa Melbourne, na yaliigharimu nyumba yangu karibu dola 1,100 ambazo zilikuwa na kazi nyingine.

Kiwanja cha mazoezi kilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka tulipopanga. Hapakuwa na kiingilio. Watu walikuja na viti vya kukunja na majokofu ya mkononi, wakakaa majanini kuuzunguka uwanja ule wenye umbo la yai, na mimi nikasimama na mke wangu na watoto watatu kando ya uzio, nikielezwa mchezo na mfanyakazi mwenzangu wa ghalani, mzaliwa wa hapa, ambaye ndiye aliyetualika. Alinieleza vizuri, sitamnyima haki hiyo. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita katikati ya nguzo mbili ndefu ni goli, nalo lina alama 6. Ukipita pembeni, baina ya nguzo ndefu na nguzo fupi, ni alama 1. Na anayeudaka mpira uliopigwa na mwenzake kutoka mbali, kabla haujagusa chini, hupewa nafasi ya kuupiga bila kuguswa. Kwa mtu wa soka hayo yanatosha kwa siku ya kwanza. Kufikia mapumziko timu yetu ilikuwa na magoli 10 na mipira 6 ya pembeni, yaani alama 66, na wageni walikuwa na 19.

Kisha likatokea jambo dogo lililotumaliza. Mwanangu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, alikuwa ameushika uzio kwa mikono miwili. Mchezaji mmoja akatoka uwanjani, akaja moja kwa moja mpaka pale na chupa ya maji, paja lake limefungwa barafu kwa plastiki ile nyembamba ya kufungia chakula, matone yakimchuruzika hadi kwenye soksi. Akamuuliza mtoto jina lake. Mtoto akalitaja, yeye akalikosea, akaomba arudiwe, akalikosea tena, na mara ya tatu akalitamka kama linavyotamkwa Tabora. Mwanangu alinigeukia na uso ambao nilikuwa sijauona tangu tushuke kwenye ndege. Mzazi gani, katika hali hiyo, angeuliza maswali ya mkataba?

Meza ilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, chini ya mwavuli wenye rangi za klabu. Kijana aliyesimama nyuma yake alikuwa mchangamfu, mwenye adabu, na alikuwa na kofia tano tayari mkononi kabla hatujafika. Mke wangu, ambaye ana macho kuliko mimi katika mambo ya pesa, aliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa ndilo swali lenyewe: mechi za msimu zinachezwa hapa? Yule kijana akajibu kwamba kadi inahusu mechi zote 11 za nyumbani, viti vya kudumu vyenye namba. Sisi tukasikia "nyumbani" tukaelewa nyumbani. Tukatazama yale majani, ule uzio, ile njia ya dakika kumi kwa miguu, tukaona watoto wanakuja hapa kila wiki wakiwa na kofia zao. Nikatia sahihi.

Ndugu yangu, katika AFL, ligi kuu ya mchezo huu, "nyumbani" ni neno la ratiba. Klabu nyingi za Melbourne zina viwanja vyao vya kale mitaani, wanakofanyia mazoezi na wenye ofisi zao, lakini mechi za msimu za wanaume wanazicheza katika viwanja viwili vikubwa vya mjini, ule wa MCG, yaani Melbourne Cricket Ground, unaochukua watu wapatao 100,000 na ule wa Docklands wenye paa la kufungwa. Kwetu sisi hiyo ilikuwa safari ya basi na treni, zaidi ya saa nzima kwenda tu, na watoto watatu, mara nyingi usiku. Ratiba ilipowekwa mbele yangu nikaona mechi za Ijumaa usiku, na mimi Ijumaa usiku nilikuwa zamu ya ghalani. Kati ya mechi 11 tulizozilipia tulikwenda 3. Katika zile 3 timu yetu ilifungwa zote, na ya mwisho tuliondoka kabla ya robo ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, kwa sababu mdogo wao alikuwa amelala begani kwangu na kuamshwa na king'ora mara mbili.

Makato yalikuwa ya kila mwezi, kwa hiyo kila mwezi nilikumbushwa. Msimu ulipokwisha nikadhani na mambo yamekwisha. Desemba nikaona benki imekatwa tena. Nilipopiga simu nikaambiwa kwa upole kwamba uanachama hujihuisha wenyewe usipojitoa kabla ya tarehe iliyoandikwa, na kwamba tarehe hiyo imepita. Ilikuwa imeandikwa kweli, kwenye barua pepe ndefu niliyotumiwa siku ile nikiwa bado uwanjani na kofia kichwani. Nilikatwa awamu mbili za mwaka wa pili kabla sijafanikiwa kuyasimamisha.

Pesa zile zilikuwa za bati za nyumba ya mama. Nilikuwa nimempigia simu wiki moja kabla nikamwambia fundi aanze kupima. Ikabidi nimpigie tena nimwambie asubiri, na akasubiri masika nzima akihamisha ndoo chumbani, na hakunilaumu hata siku moja, jambo ambalo ni zito kuliko lawama.

Yule kijana wa mezani nimejaribu kumsamehe, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi aliyotumwa. Lakini aliyemtuma alijua fika kwamba familia ya wageni, iliyosimama kwenye jua ikiwa imeshangilia robo mbili, ikiuliza kama mechi zinachezwa hapa, inahitaji jibu la neno moja, nalo ni "hapana". Kuuza kwa kunyamazia jambo kama hilo ni kudanganya, hata kama kila neno lililotamkwa ni kweli. Na yule mwenzangu wa ghalani, aliyenishika bega wakati wa mapumziko akaniambia kwa macho makavu kwamba huu ndio mwaka wetu, nilikuja kugundua mwezi wa sita kwamba yeye mwenyewe hana kadi ya uanachama na hajawa nayo kwa miaka. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakufikiri ningelipa kwa sababu ya mechi ya mazoezi. Kila mwenyeji anajua! Wanajua wote, wala hakuna anayemwambia mgeni.

Sasa nakuambia mimi kile wanachokijua. Matokeo ya mechi ya Februari, kabla msimu haujaanza, hayana uzito wowote, kwa sababu makocha wawili hukubaliana mambo yao kabla ya mchezo: vipindi viwe vingapi na vya urefu gani, wachezaji wangapi wavae jezi, mabadiliko yafanywe bila kikomo au la. Timu moja inaweza kuanza na kikosi chake kamili ili kijizoeshe mbinu mpya ya kutoa mpira nyuma, huku nyingine imewaacha nyota wake nyumbani wapumzishe misuli. Baada ya mapumziko wakubwa hutolewa na vijana wanaotafuta nafasi huingizwa. Yule mchezaji aliyekuja uzioni na barafu pajani hakuwa ameumia. Siku yake ilikuwa imekwisha, na mimi niliyemtazama karibu vile sikujiuliza kwa nini mchezaji bora wa timu yuko huru kuzungumza na mtoto wakati mchezo bado nusu. Wageni waliofungwa 66 kwa 19 mpaka mapumziko walikuwa wameacha nje wachezaji wao wazoefu karibu wote. Msimu ulipoanza, hao hao walitufunga.

Hata pale ligi ilipozipa mechi hizi kombe, mambo hayakuwa tofauti sana. Carlton, moja ya klabu za hapa Melbourne, walishinda kombe la kabla ya msimu mwaka 2005, kisha wakamaliza ligi wa 16 kati ya timu 16. Mwaka 2007 wakalitwaa tena, wakamaliza wa 15. Essendon mwaka 2000 na Geelong mwaka 2009 walilichukua kombe hilo na ubingwa wa kweli pamoja, kwa hiyo usije ukageuza neno langu ukasema anayeshinda Februari lazima aanguke; Februari haikuambii la kheri wala la shari. Ligi yenyewe iliitumia michuano hiyo kujaribia sheria: mwaka 2003 goli lililopigwa kutoka nje ya mita 50 lilianza kuhesabiwa alama 9 huko, jambo ambalo halijawahi kuwepo katika mechi za msimu. Kombe hilo lilikomeshwa baada ya mwaka 2013, na sasa kilichobaki ni mazoezi yenye waamuzi na ubao wa matokeo.

Nasi watu wa nyumbani hatukuwa na sababu ya kutolijua hili. Hakuna shabiki Tanzania anayeitazama mechi ya kirafiki ya Simba Day au ya Wiki ya Mwananchi akaamini ameuona ubingwa. Anakwenda kwa shangwe, kuona jezi mpya na sura mpya, kisha anasubiri ligi. Ugeni ndio unaotupotosha: tukikuta watu wanaotuchekea na mtoto wetu anaitwa kwa jina lake, tunataka kulipa mara moja ili tubaki hapo.

Kwa hiyo usitie sahihi lolote siku ya mechi ya mazoezi. Wakikuambia punguzo linaisha leo, liache liishe. Ngoja mpaka raundi ya sita. Kufikia hapo utakuwa umeshaiona ratiba pamoja na zamu zako, zote mbili zikiwa mezani, utakuwa umenunua tiketi za mechi moja ukapima kwa miguu yako safari ya kwenda mjini na kurudi usiku na watoto, na utajua kama wanao wanaupenda mchezo huu au waliipenda kofia. Ukiona bado mnautaka uanachama, lipeni kwa moyo mweupe, na kwanza utafute kwenye masharti ile tarehe ya kujitoa, uiandike ukutani.

Watoto wavae kofia pana na wapakwe mafuta ya jua kabla hamjatoka, kwa kuwa jua la hapa mwezi wa pili huunguza ngozi hata siku yenye mawingu, na viwanja hivi havina kivuli cha maana. Wabebee maji mengi kuliko unavyodhani. Kama wanao wanapenda kuona mtu wa kwetu, waambie habari za Aliir Aliir, mchezaji wa klabu ya Port Adelaide, aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma nchini Kenya na mwaka 2021 akachaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Mwanangu alibandika picha yake juu ya kitanda na hiyo haikutugharimu senti. Simameni karibu na uzio, upande wanakotokea wachezaji wanaopumzishwa. Yule wa mezani akikuomba barua pepe, mpe. Akikuomba namba ya kadi, mwambie umeiacha nyumbani, na iwe kweli umeiacha. King'ora cha mwisho kikilia, katika viwanja vingi vya mitaani watu huruhusiwa kuingia majanini kupigiana mipira, basi chukueni mpira wenu wenyewe, na mmoja wenu akasimame mbali kidogo kati ya nguzo mbili ndefu.