Ingia kikaoni na kabrasha la robo iliyopita: ushauri kwa diwani mpya

Nilipoapishwa kuwa diwani kwa mara ya kwanza, niliamini kwamba kazi yangu kubwa ingefanyika katika Baraza la Madiwani, mbele ya wananchi wanaokuja kusikiliza. Ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba jambo likifika Barazani huwa limekwisha kupita mikono mingi: limetoka idarani, likajadiliwa na menejimenti ya halmashauri, likaja kwenye kamati ya kudumu, likaenda Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na ndipo likasomwa kwa dakika chache tu na kupitishwa. Mahali ambapo diwani anaweza kuuliza swali, akajibiwa, akauliza tena, ni kwenye kamati. Nilikaa miaka kumi katika Kamati ya Elimu, Afya na Maji ya halmashauri moja ya wilaya hapa Tanzania, mitatu kati ya hiyo nikiwa mwenyekiti wake, na ninaandika haya kwa ajili ya madiwani wapya, ambao wengi hukabidhiwa kabrasha la kwanza, yaani kitabu cha taarifa zitakazojadiliwa kikaoni, bila mtu wa kuwaonyesha namna ya kulisoma.

Kamati yetu ilikutana kila robo mwaka. Katika mwaka wangu wa kwanza tulisoma taarifa iliyosema kwamba zahanati ya kijiji kimoja ilikuwa katika hatua ya upauaji. Robo iliyofuata tukasoma hivyo hivyo, na robo ya tatu pia, na mara zote tatu nilikuwa miongoni mwa waliounga mkono taarifa ipokelewe. Kisha mama mmoja wa kijiji hicho alinikuta sokoni akaniuliza kwa upole, "Mheshimiwa, zahanati yetu mmeiacha?" Usiku ule nilitoa makabrasha yote matatu nikayapanga mezani. Sentensi ilikuwa ile ile, neno kwa neno, lakini safu ya matumizi ilikuwa imepanda kutoka shilingi milioni 18 hadi 31, kisha 44. Hakuna diwani aliyeliona jambo hilo kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa akiingia kikaoni na kabrasha jipya peke yake. Tulipofuatilia, tuliambiwa kwamba mbao na mabati yalikuwa yamenunuliwa na yamekaa stoo, kwa kuwa ukuta wa upande mmoja ulikuwa umepasuka na mhandisi alikuwa amezuia jengo lisiezekwe. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli na hapakuwa na fedha iliyoibwa, ila wajawazito wa kijiji kile walipoteza miezi tisa kwa sababu ya ukuta ambao hakuna aliyetuandikia habari zake, na sisi hatukuuliza.

Tangu siku hiyo sikuingia tena kwenye kamati bila kabrasha la robo iliyopita na muhtasari wa kikao kilichotangulia, na kama ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu, ungekuwa huo. Taarifa moja ikisomwa peke yake karibu kila mara huonekana nzuri. Ikiwekwa pembeni ya ile ya zamani, huanza kuonyesha mradi uliotajwa kisha ukatoweka, shule iliyobadilishiwa idadi ya madarasa, au ahadi iliyotolewa kwenye yatokanayo, yaani sehemu ya kikao inayofuatilia mambo ya kikao kilichopita, na kurudiwa bila tarehe.

Jambo la pili linahitaji kalamu na subira. Angalia asilimia ya utekelezaji inakokotolewa kutokana na nini. Chukua mfano wa mradi uliotengewa shilingi milioni 200 katika bajeti, ukapokea milioni 40, na zikatumika milioni 39. Taarifa inaweza kuandika kwamba utekelezaji umefikia asilimia 97.5, kwa kugawa kilichotumika kwa kilichopokelewa, ilhali kwa mujibu wa mpango mliouidhinisha wenyewe ni asilimia 19.5 tu ya fedha iliyofanya kazi. Hesabu zote mbili ni sahihi, na kila moja inajibu swali lake: ya kwanza inasema idara imetumia ilichopewa, ya pili inasema mpango wenyewe umefika wapi. Diwani anahitaji zote mbili, na anapaswa kuomba ziandikwe katika safu mbili tofauti. Zaidi ya hapo, anapaswa kuuliza fedha ilifika mwezi gani, kwa sababu mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na fedha inayoingia mwishoni mwa Mei huwasukuma watu kununua kwa haraka.

Uangalifu huo huo unahitajika kwenye mikopo ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kiasi kilichotengwa huwa ndicho kinachosomwa kwa sauti kikaoni. Wewe omba orodha ya marejesho, kikundi kwa kikundi, kwa maana fedha isiyorejeshwa ni fedha ambayo kikundi kinachosubiri zamu yake hakitaipata.

Kuhusu ziara za kukagua miradi, nina maoni makali kidogo. Ziara ambayo wataalamu ndio wamechagua miradi itakayotembelewa haina thamani kubwa, hata kama waliochagua ni watu waaminifu, kwani ni kawaida ya mwanadamu kuonyesha kile kilichomwendea vizuri. Kamati na ichague yenyewe, kutoka kwenye kabrasha, na iweke angalau mradi mmoja ambao sentensi yake haijabadilika kwa robo mbili. Mkifika kwenye jengo linalojengwa kwa utaratibu wa force account, yaani halmashauri kununua vifaa na kutumia mafundi badala ya kumpa kazi mkandarasi, msiishie kutazama kuta na kupiga picha. Ombeni leja ya stoo, mhesabu mifuko ya saruji iliyopokelewa na iliyotoka, kisha zungumzeni na wajumbe wa kamati ya mapokezi ya kijiji, ambao mara nyingi ni wakulima waliosaini hati wasizosomewa. Mwalimu mkuu au mganga mfawidhi naye apewe nafasi ya kuzungumza mbali kidogo na msafara. Nimewahi kusikia chini ya mwembe mambo ambayo yasingesemwa kamwe mbele ya magari ya halmashauri.

Kuna mipaka pia, na inaniuma. Barabara za wilaya zilihamishiwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, mwaka 2017, na maji vijijini yakahamia RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, mwaka 2019, hivyo mameneja wa taasisi hizo hawawajibiki kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Mwananchi hata hivyo hamjui meneja. Anamjua diwani wake. Waalikeni mameneja hao kwa barua mapema, mkieleza maswali yenyewe, nao wengi watafika wakiwa wamejiandaa.

Msiwafokee wataalamu. Katika miaka yangu niliona madiwani wakimdhalilisha mweka hazina mbele ya wenzake, wakapata makofi na hawakupata jibu, na kuanzia hapo kila taarifa iliandikwa kwa tahadhari isiyo na habari yoyote ndani yake. Mkaguzi wa ndani hasa ni mtu wa kuheshimiwa na kusikilizwa, kwa sababu anachokiona leo ndicho ambacho Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali atakiandika kesho kama hoja ya ukaguzi. Swali zuri kwa kawaida ni fupi: nani atafanya, lini, na kwa fedha ipi. Jibu likishatolewa, hakikisheni mwandishi wa kikao ameliandika katika muhtasari kama azimio lenye cheo na tarehe. "Idara ifuatilie" si azimio. "Mganga Mkuu wa Wilaya awasilishe taarifa ya mhandisi kuhusu ukuta ifikapo Februari 15" ni azimio, na katika kikao kitakachofuata litasomwa kwenye yatokanayo, na mtu atalazimika kusimama na kulijibu.

Zahanati ile ilifunguliwa baadaye, baada ya ukuta kubomolewa na kujengwa upya. Nilipomaliza kipindi changu cha pili, nilimkabidhi diwani aliyenifuata makabrasha yote niliyokuwa nayo, yakiwa yamefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka, na swali lake la kwanza katika kamati lilitoka kwenye kabrasha la miezi mitatu kabla hajaapishwa.